Fundi Jibu: Kisu kizima, mpini umekufa

Toleo lililopita niliongelea kunoa, mwishoni nikachomekea kwamba visu vingi vya mfukoni vinatupwa makali bado yapo, kisa mpini umepasuka. Basi tangu hapo meseji zinaingia tu, na karibu zote ni za huku huku kwetu Moshi na Arusha, na mi sishangai, huku watu wengi kazi yao ni mlima au mbuga, mgeni akimaliza safari anaacha jaketi, viatu, tochi ya kichwani, na mara nyingine anaacha kisu ambacho dukani usingekinunua leo wala kesho. Halafu kinakaa kwenye droo miaka kwa sababu ya kipande cha plastiki. Inaniuma kwa kweli. Nimechukua maswali matano, mawili nimeyajibu kwa urefu maana yamebeba mengi ya wenzao.

Fundi habari za kazi. Mi ni mgumu, nabeba mizigo mlimani na kampuni tofauti tofauti. Mwaka juzi mgeni mmoja tulivyofika geti la Mweka alinipa kisu chake cha Victorinox, kile chekundu chenye msalaba. Sasa msimu huu kimenidondoka kwenye mawe pale Barranco, kava la upande mmoja limepasuka kipande kikaruka kabisa. Vitu vya ndani vyote vinafanya kazi. Natamani nikiwekee mpingo, ila naogopa nikifungua kitamwagika chote. — Mgumu wa Pasua, Moshi

Pole mdogo wangu, na hakimwagiki. Hivi visu, ambavyo ukoo wake unaanzia kwenye kisu cha maofisa alichosajili Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, mwaka 1897, vinashikwa na ribiti za brasi zinazopenya mabati (vile vibati vyembamba vinavyotenganisha blade) na springi zote toka upande mmoja mpaka wa pili, kava la plastiki lenyewe halishikilii chochote, limebanwa tu juu ya vichwa vya zile ribiti kama vifungo vya kubonyeza vya nguo za watoto. Kwa hiyo ukilitoa, kisu kinabaki kimesimama vile vile. (Wale wenye zile za mpini wa alminiamu wenye vidoti vya kukwaruza, hii haiwahusu, hizo zimegongwa ribiti moja kwa moja, msizichokonoe.)

Toa kwanza kijiti cha meno na kibano. Loweka kisu kwenye maji ya moto kiasi, yani yale ambayo mkono unavumilia, dakika chache tu plastiki ilegee. Chukua kisu chembamba au wembe mnene, ingiza kati ya kava na bati kuanzia mwisho wenye kipete cha ufunguo, sokota polepole, utasikia "tak", sogea ribiti inayofuata, "tak" ya pili, litaachia. Usigonge na wala usikimbilie bisibisi nene maana yale mabati ni alminiamu, yanapinda kirahisi na bati likipinda ndo blade zinaanza kukwama. Na hilo kava lililopasuka usilitupe! Hilo ndo ramani yako.

Sasa mpingo. Kwa ninyi mlio mjini Moshi au Arusha msinunue gogo, nenda kwa wachongaji wa vinyago uwaombe masalia, kipande cha urefu wa kiganja kinatosha visu viwili. Chagua kilichokauka, tumbukiza kwenye maji uone, mpingo mzuri unazama kama jiwe. Mi napenda kipande kilichobakiwa na ule mstari wa njano-nyeupe wa nje ya moyo, ukikaa vizuri kwenye ukingo wa mpini unapendeza kuliko weusi mtupu, ila hilo ni jicho langu. Kipasue katikati ukifungue kama kitabu, ili mistari ya kulia na kushoto ifanane. Kila upande uanze na milimita 4 hivi, usijaribu kuanza na 2, utalia.

Na hapa ndo wengi wanakosea, wanaanza kuchonga nje kwa sababu nje ndo kunaonekana, wanapiga msasa mpaka kitu kinang'aa, kuja kukiweka hakikai. Anza ndani. Upande unaolala kwenye bati uwe bapa kabisa kabla hujafikiria umbo. Gundisha msasa namba 120 juu ya kioo, sugua mbao kwa kuzungusha, kisha weka kwenye bati ushike kuelekea dirishani, ukiona mwanga unapenya popote, rudi kwenye kioo. Mi huwa natumia zaidi ya nusu ya muda wote hapo na sijawahi kujuta.

Mashimo ya ribiti usiyapime kwa rula. Paka lipstiki kwenye vichwa vya ribiti, weka mbao mahali pake, bonyeza, ukiinua una alama zako halisi bila kubahatisha. Yale mashimo hayatoboki mpaka nje, kwa hiyo pima kwa venia (kipimo cha mataya cha milimita) kichwa cha ribiti kimechomoza kiasi gani, funga gundi ya karatasi (ile tepu ya kubandika) kwenye biti ya drili kwenye huo urefu ukiongeza nywele moja, na utoboe polepole, mpingo ukipata moto unapasuka nyufa ndogo ndogo ambazo utaziona wiki ijayo. Vaa barakoa. Sisemi kwa mazoea, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, kuna watu likiwakataa mara moja linawakataa moja kwa moja.

Kabla ya gundi bonyeza kavu kavu, fungua blade zote, mkasi, kifungua kopo, kila kitu, funga tena. Kinafunguka? Haya. Mpingo una mafuta yake ya asili na gundi haipendi mafuta, kwa hiyo futa upande wa ndani kwa asitoni, ile ile ya kutolea rangi ya kucha (isiguse plastiki ya kava la pili kama unalibakiza, inaiyeyusha), acha ikauke, kisha epoksi ya tyubu mbili, kidogo, iliyosambazwa kama siagi kwa mtu anayebana matumizi. Ikizidi itatorokea kwenye springi. Mi napaka vaseline kidogo kwenye mgongo wa springi kwa ajili hiyo, gundi ikitoroka haishiki, ila vaseline yenyewe isikaribie mbao. Bana kwa klampu bila kukamua sana, lala, amka, fanya kazi nyingine, rudi baada ya masaa 24.

Nje sasa, anza na tupa, ile ya chuma ya kusagia, kisha msasa 120, 240, 400, 600, na ukifika 1000 mpingo unang'aa wenyewe bila vanishi. Funika vifaa kwa gundi ya karatasi wakati unasugua. Ukimaliza osha kisu chote na maji ya uvuguvugu na sabuni ukifungua na kufunga, vumbi litoke, kikaushe vizuri kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo.

Fundi, babu alituachia jino la ngiri zuri sana, limekaa ndani miaka. Naweza kulikata nikaweka kwenye mpini wa kisu? — Msomaji, Kijenge, Arusha

Hapana kaka, usilikate na usitembee nalo. Jino la ngiri ni nyara ya Serikali sawa na la tembo, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haiangalii kama ulilikuta kwa babu au umelipata jana, kuwa nalo bila kibali ni kosa. Nenda ofisi ya wanyamapori uwaeleze wakuelekeze, kabla hujafikiria kisu.

Kama unachopenda ni ule mwonekano wa pembe, pembe ya ng'ombe haina shida na nzuri yake ni kama moshi ulioganda, nyeusi, kahawia na nyeupe kwa pamoja. Zipo machinjioni. Chemsha utoe ute wa ndani, acha ikauke kivulini muda mrefu, ikate vipande, vipashe moto kwenye maji yanayochemka mpaka vilegee kisha vibane kati ya mbao mbili bapa vikiwa bado vya moto vinyooke. Ukisaga inanuka kama nywele zinazoungua, fanyia nje.

Shikamoo fundi. Baba yangu yuko Kibosho, ana kisu cha kukunja cha tangu ujana wake, kina brasi kwenye ncha mbili za mpini na mbao katikati, ndo alikuwa anapogolea kahawa. Mbao ya upande mmoja imeoza, pini zinacheza, mdogo wangu amezungushia nailoni nyeusi. Nimemwambia nakipeleka kunolewa, ukweli nataka Desemba tukienda nyumbani nimkabidhi kikiwa kizima. Niweke mbao gani? Na naweza kufanya mwenyewe? — Dada wa Sakina, Arusha

Marahaba mwanangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mbao unayo tayari, iko kwa mama jikoni. Weka mti wa kahawa.

Watu hawaufikirii kwa sababu mkahawa ni mti mwembamba na wameuzoea kama kuni, lakini mbao yake ni ngumu, imeshikana, nyuzi zake ni laini hazikwaruzi, rangi ya krimu inayoenda kwenye asali ukiipaka mafuta, na kwa mzee aliyepogoa kahawa na hicho kisu tangu enzi mzigo wote unapelekwa KNCU, ule ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, sidhani kama kuna mbao nyingine duniani inayomfaa. Tatizo lake moja ni kukauka. Shina lililokatwa leo ukilitumia mwezi ujao litajikunja na kupasuka, ndo maana nasema jikoni, tafuta shina nene la mkahawa wa zamani lililokaa darini juu ya moto wa kuni, hilo limekauka polepole kwa miaka. Angalia tu lisiwe na matundu ya bungua. Kata upate vibao vya milimita 6, viache ndani ya nyumba huko Arusha wiki kadhaa vizoee hewa ya hapo kabla hujavikwangua kufika unene wa kweli.

Kuhusu kufanya mwenyewe, ndiyo, ila tofauti na yule mgumu wa hapo juu hapa kuna pini zinazopita mpini mzima, na kuna pini moja usiyotakiwa kuigusa kabisa, ile ya mhimili iliyo kwenye brasi ya mbele ambapo blade inazungukia. Kama blade haichezi kulia na kushoto, mhimili ni mzima, uache ulivyo. Wewe unashughulika na zile za kwenye mbao tu. Saga kichwa cha pini kwa tupa upande mmoja mpaka kilingane na mbao, laza kisu juu ya kipande cha mbao chenye tundu ili pini ipate pa kutokea, gonga taratibu kwa panchi au msumari uliosawazishwa ncha. Mbao iliyooza itatoka yenyewe, ile nzima iinue kwa uangalifu kwa sababu utaihitaji kama kipimo, na mimi ningeomba uihifadhi, mzee anaweza kuiulizia.

Kipande kipya kinakaa kati ya brasi mbili, kwa hiyo urefu ndo kila kitu. Kikipungua nusu milimita pengo litaonekana maisha yote na uchafu utajaa humo. Kikate kirefu kidogo halafu sugua ncha moja kwenye kioo chenye msasa, jaribu, sugua, jaribu, mpaka kiingie kwa kusukumwa na dole gumba. Ndani bapa, ncha zimekaa, hapo ndo unatoboa kupitia matundu ya bati lenyewe kama mwongozo, ukiweka kipande cha mbao chakavu chini ili upande wa kutokea usimeguke.

Pini usihangaike kutafuta za dukani. Nenda kwa wachomeleaji wa gesi, omba kipande cha ufito wa brasi wa kuchomelea, unakuja wa unene tofauti, chagua unaoingia kwenye tundu bila kulazimisha. Kama umepakwa dawa nyeupe ukwangue. Kata ubakize kama milimita 1 kila upande, panua kidogo mdomo wa tundu, paka epoksi nyuma ya mbao, weka pini, kisha gonga kichwa kwa nyundo ndogo ya duara, vipigo vyepesi vingi kuzunguka ukingo, pindua, gonga upande wa pili. Hapa nakusihi usiwe na haraka hata kidogo, mpini wangu wa kwanza kabisa niliumaliza vizuri kila kitu nikaja kuupasua kwa kipigo kimoja cha mwisho, kichwa kilikuwa kimeshakaa na mimi nikataka kiwe bapa zaidi. Kikishashika, acha. Kinachobaki utakisaga na tupa.

Umbo lifuate mkono wa baba. Mtazame anavyokishika, na kama upande wa pili wa zamani umelika kwa miaka ya kidole chake, igiza huo mlalo kwenye upande mpya, usiufanye wa mraba kama wa dukani. Ukimaliza msasa wa 600 paka mafuta ya linsidi ya kuchemshwa, acha robo saa, futa yote yaliyobaki juu, kesho rudia, mara tatu au nne. Mafuta ya alizeti ya jikoni hapana, yatabaki yananata. Na vitambaa ulivyofutia linsidi usivikunje ukavitupa kwenye kona, vinajipasha moto vyenyewe vikikauka na vimeshachoma karakana za watu, vitandaze nje au uviloweke kwenye ndoo.

Oya fundi, nina folda, yani kisu cha kukunja, ya skrubu, mpini wake mweusi wa plastiki sijui faiba, nataka niweke shuka la Kimasai jekundu, sio kuzungushia, yani liwe ndo mpini. Nimewahi kuona kitu kama hicho kwa mgeni mmoja safarini. — Dereva, Ngarenaro

Ulichokiona kinaitwa maikarta, ni tabaka za kitambaa zilizogandishwa kwenye rezini (gundi ya maji inayoganda ngumu), ilianza zaidi ya miaka 100 iliyopita kwenye kampuni ya Westinghouse kule Marekani kwa kazi za kuzuia umeme, mafundi visu wakaipenda baadaye kwa sababu haivimbi kwa maji na mkononi haitelezi. Na ya shuka inawezekana, tena inapendeza sana. Kata vipande kama 10 vikubwa kuliko mpini, shuka lenye pamba ndo linakunywa rezini vizuri. Changanya epoksi kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo, usikadirie kwa macho, na uchanganye kidogo kidogo maana nyingi kwa pamoja inachemka. Kila kipande kiloe kabisa, panga kimoja juu ya kingine, nailoni chini na juu, mbao mbili, klampu nne, bana mpaka ziada ichuruzike pembeni. Siku nzima, mbili ni bora. Jua rangi itakoza, nyekundu yako itakuwa kama damu ya mzee, ukitaka iwe angavu chagua shuka lililopauka. Michirizi inatokea pale unapoanza kusaga mviringo, ndo tabaka zinajifunua moja moja, kwa hiyo usiache mpini bapa.

Skrubu ni za nyota, T6 au T8 kwa kawaida, bisibisi zake mafundi simu wanazo. Zikigoma usilazimishe, zimetiwa gundi kiwandani, zipashe moto kwa draya ya saluni dakika chache kisha jaribu. Kava la zamani lishikize juu ya kipya kwa gundi ya pande mbili, toboa ukifuata matundu yake. Kina cha vichwa vya skrubu kipime kwenye la zamani, ukiacha maikarta nene zaidi chini ya kichwa skrubu haitafika kwenye bati, ukiacha nyembamba itatokeza ndani na kugusa blade. Na hilo kava lako jeusi kama ni faiba ya kioo usilisage bila barakoa na maji, vumbi lake ni vipande vya kioo.

Fundi, nina Opinel ya mpini wa mbao, kila nikipita msituni Machame mvua ikinyesha blade inakataa kutoka. Nibadilishe mpini? — Guide, Rau, Moshi

Usibadilishe kaka. Huo mpini ni kipande kimoja kilichochanwa mfereji, ndivyo vilivyo tangu Joseph Opinel alivyoanza kuvitengeneza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na mbao yake ikinywa unyevu inavimba na kuibana blade. Ukiwa njiani zungusha ile ringi ya chuma inayofungia blade iache wazi, gonga kisigino cha mpini kwenye jiwe, blade itachomoza kidogo uishike kwa mgongo wake, sio kwa makali. Ukirudi nyumbani toa ringi, acha kisu kimefunguliwa siku mbili tatu kikauke, kunja msasa wa 240 juu ya kadi ngumu usugue ndani ya mfereji kidogo tu pande zote mbili, kisha penyeza linsidi humo kwa brashi ndogo, futa, kiache wazi mpaka ikauke kabisa. Rudia mafuta kabla ya masika.